Posti iliyozama baina ya Malindi na Mkoani

Nilianza kuiandika boti ikiwa bado imefunga gati Malindi, bandari ya Unguja, kuelekea Mkoani, Pemba. Ilikuwa ndefu, imekaribia kabisa zile herufi 3,000 ambazo LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, inaruhusu kwa posti moja. Nilieleza msimu wa karafuu niliofanya kazi Pemba: kuchambua makonyo (vikonyo vya karafuu) usiku, kuanika majamvini, kukimbizana na mvua karafuu zisije zikarowa. Nilitaka wanaoajiri watu wa ubora wa viungo waisome.

Tulipoipita Nungwi mtandao ukakata na bahari ikaanza kuchafuka. Nikabonyeza kurudi nyuma, simu ikaniuliza: niihifadhi au niitupe? Boti ikayumba, kidole kikaenda pasipo pake. Ikatupwa.

Tangu siku ile watu huniuliza sana habari ya posti zilizopotea, na swali langu la mwanzo huwa moja: uliihifadhi, hukuihifadhi, au uliichapisha kisha ukaifuta? Maana kila moja ina dawa yake.

Kama uliihifadhi, usihangaike kwenye wasifu wala kwenye mipangilio. Mimi nimewahi kupekua huko nusu saa nzima bure. Bonyeza pale pa kuanzisha posti mpya tu, rasimu itajitokeza yenyewe. Lakini tahadhari: nafasi ya rasimu ya posti ni moja. Ukiandika nyengine juu yake ukaihifadhi, ile ya kwanza ndiyo basi. Tena ifungue kwenye chombo kile kile ulichoandikia. Rasimu niliyoiweka kwenye simu sikuikuta kwenye kompyuta ya kazini. Makala ndefu ni habari nyengine, zile hujihifadhi zenyewe unavyoandika na hukaa kwenye orodha ya rasimu ndani ya ukurasa wa kuandikia makala.

Kama hukuihifadhi, usiguse kitu kwanza. Kwenye kompyuta, ukurasa ukiwa bado wazi, Ctrl na Z hurudisha ulichokifuta. Ukiwa umeshaufunga, Ctrl, Shift na T huufungua tena, ingawa mara nyingi maneno hayarudi nao. Ikiwa uliyanakili mahali, jaribu kitufe cha Windows na V, mradi historia ya kunakili ulikuwa umeiwasha kabla. Kwenye simu yenye kibodi ya Gboard (ile ya Google), ulichonakili hukaa saa moja tu kama hukukibandika kwa pini. Saa moja, na boti ya Pemba haifiki kwa saa moja.

Iliyochapishwa ikafutwa hairudishwi. Kinachoweza kukuokoa ni kuomba nakala ya data zako mapema, kwenye mipangilio, upande wa faragha ya data. Nakala kamili inaweza kuchukua hadi saa 24, na ndani yake mna faili liitwalo Shares lenye posti zako. Omba kabla hujaanza kusafisha akaunti, si baada ya kujuta.

Na yangu je? Niliipata, lakini si kwa simu. Nilikuwa na tabia ya kuisoma kwa sauti ya chini nikiandika, na pembeni yangu alikaa bi mkubwa mmoja wa Wete. Aliponiona nimejishika kichwa akasema, "Mwanangu, ulianza na mvua iliyokukuteni majamvi hayajakunjwa. Halafu ukataja watoto wa skuli wanaochambua." Alikumbuka mpangilio kuliko mimi! Nikafungua kinasa sauti nikaanza kusimulia, yeye akinisahihisha kila nilipokosea, maana karafuu anazijua tangu utotoni. Kwa hiyo ukipoteza, usikae kuandika upya neno kwa neno. Sema kwa mdomo kwanza, tena mara moja, kabla hujala wala hujalala.

Sasa siandiki tena moja kwa moja kwenye LinkedIn. Naandika WhatsApp, kwenye mazungumzo yangu na mimi mwenyewe, kisha nakopi. Hata pasipo na mtandao unaweza kutuma: ujumbe unakaa pale na alama yake ya saa, unasubiri. Tukianza kuikaribia Mkoani na minara ikashika, naona ile saa imegeuka tiki, nami nateremsha mikoba.