Gari ndogo ya oto inakula kiasi gani hasa? Jibu la anayeiendesha kila siku

Mkuu, umeuliza kama ni kweli gari ya oto (inayojibadilishia gia yenyewe) ya cc 1000 inatembea kilomita 20 kwa lita kama muuzaji alivyokuambia, au uongeze hela uchukue ya cc 1300. Umesema siku za kazi ni foleni kwenda na kurudi, na mwisho wa mwezi unasafiri mbali na familia ya watu watano. Nimeendesha zote mbili: kwanza cc 1300 yenye giaboksi ya gia 4, sasa cc 1000 yenye CVT (giaboksi ya mkanda badala ya gia za hatua), na kila nikijaza mafuta naandika. Kilomita 20 zinawezekana, ila kwa safari yako hutaziona mara nyingi. Na mafuta siyo gharama ya kukutisha zaidi kwenye gari hizi.

Hizo 20 au 22 zinazotajwa kwenye matangazo zinatoka maabara. Kipimo cha zamani cha Japani, kinachoitwa 10-15, kilifanywa injini ikiwa imeshapata moto, kwa mwendo wa wastani usiofika kilomita 23 kwa saa, na kasi ya juu kabisa ilikuwa 70. Kilichofuata, JC08, kikaongeza sehemu ya kuanza na injini baridi na kasi ya juu ikafika karibu 82. Ulaya nako walikuwa na kipimo chao, NEDC, mpaka kipya cha WLTP kilipoanza kushika nafasi yake mwaka 2017. Kote huko magurudumu yanazunguka juu ya rola, dereva anafuata ratiba ya sekunde kwa sekunde, AC imezimwa, na kilima hakuna. Kwa hiyo muuzaji si lazima awe amekudanganya, anasoma tu namba ambayo haikupimwa kwenye barabara yako. Mimi nikiona namba ya 10-15 au JC08 huwa nakata robo, na kwa mtu wa foleni nakaribia kukata nusu. Ya WLTP iko karibu zaidi na ukweli.

Sasa namba zangu. Cc 1000 kwenye foleni ya asubuhi na jioni, AC ikiwaka, inanipa kilomita 11 hadi 12 kwa lita. Mjini barabara ikiwa wazi, 14. Njia kuu tukiwa wawili, nikishikilia 80 hadi 90, inafika 19, na pakiwa tambarare inagusa 20. Ile ya cc 1300 ilikuwa inanipa 10 mjini na 16 au 17 safarini. Lakini pakia watu watano na mizigo, panda milima, tembea 110, hapo cc 1000 inashuka mpaka 14 na cc 1300 inalingana nayo au inaipita. Sababu ni kwamba injini ndogo ikibanwa inapandisha mizunguko muda wote na kompyuta ya gari inaongeza mafuta ili isizidiwe. Halafu ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa kasi: kutoka 80 kwenda 110 unakaribia kuwa maradufu. Gari haijali kwamba ni ndogo, upepo unaisukuma vilevile.

Foleni ndiyo inayokula watu bila wao kujua. Injini ndogo ikinguruma gari imesimama inatumia kama nusu lita kwa saa, na AC ikiwashwa inasogea kuelekea lita nzima, na hapo kilomita ulizopata ni sifuri. Ongeza na safari fupi za asubuhi: injini ikiwa baridi oili ni nzito na mchanganyiko una petroli nyingi, na ukifika kazini ndiyo kwanza imepata moto. Mtu wa kilomita 4 kwenda dukani na kurudi asishangae kuona 9, gari yake inaweza kuwa nzima kabisa.

Pima mwenyewe, usiamini mshale wala namba ya kwenye dashibodi, ambayo mara nyingi inapendelea gari. Jaza mpaka bomba lijikate lenyewe, rudisha tripu sifuri, tembea hadi tenki lishuke chini ya nusu, kisha jaza tena kwenye pampu ileile, tena mpaka ijikate. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Tenki moja halitoshi kukupa picha, chukua kadhaa. Na kama gari imefungwa matairi makubwa kuliko yake, kilomita zinazosomeka ni pungufu kuliko ulizotembea kweli, utaona inakula zaidi kuliko inavyokula.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaipigi. Kutoka 10 hadi 12 kwa lita, kwenye kilomita 1000 unaokoa karibu lita 17. Kutoka 18 hadi 20 unaokoa lita 5 na nusu tu. Kwa hiyo nguvu zako ziende mjini, kwenye zile kilomita mbaya. Kule safarini ukishafika 18, furahia tu.

Kuhusu kuweka N (gia huru) kwenye mteremko ili kuokoa mafuta: tafadhali acheni. Gari za injekta ukiachia mafuta ukiwa kwenye D (gia ya kwenda mbele), kompyuta inakata petroli kabisa mpaka mizunguko ya injini ishuke karibu na ile ya gari ikiwa imesimama. Ukiweka N, injini inalazimika kuchoma ili isizimike, unakosa msaada wa injini kwenye breki, na giaboksi unaitesa unaporudisha D ukiwa mwendoni. Hasara tatu kwa mpigo.

Gari ikianza kula ghafla, anza na vitu vya kushika kwa mkono. Yangu iliwahi kushuka kutoka 14 mpaka 11 mjini bila taa yoyote kuwaka. Nilipotoka safarini nikasogeza kiganja karibu na rimu moja moja bila kuzigusa: tatu zilikuwa vuguvugu, ya nyuma kushoto ilikuwa inatoa joto kama pasi, na kulikuwa na harufu ya breki kuungua. Gurudumu lilipoinuliwa kwa jeki na gia ikiwa N, halikuzunguka hata nusu mzunguko kwa mkono. Breki ilikuwa imeng'ang'ania. Ikasafishwa, ikapakwa grisi yake, 14 ikarudi. Ningeanza kwa kubadili plagi na sensa, ningetumia hela nyingi bila kugusa ugonjwa. Baada ya breki angalia upepo wa matairi (yakiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye mlango wa dereva), kisha termostati iliyokwama wazi inayofanya injini isipate moto, kisha sensa ya oksijeni. Filta ya hewa chafu inasingiziwa mno: maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009 ikakuta kwenye injini za kisasa zenye injekta filta iliyoziba inapunguza mchomoko, lakini ulaji haubadiliki kwa kiasi cha maana. Badilisha kwa ajili ya injini, usitegemee muujiza kwenye tenki.

Sasa giaboksi, ambayo ndiyo sababu nimeandika kirefu. CVT ni mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kinachoufanya ushike bila kuteleza ni shinikizo na oili yenye msuguano maalumu. Ukiweka ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za oto zenye gia) kwa sababu "zote ni oili ya oto", mkanda unateleza, unakwaruza puli, na hapo hakuna cha kutengeneza kirahisi. Wengi huishia kununua giaboksi nyingine iliyotumika. Hela hiyo inameza tofauti yote ya mafuta uliyookoa kwa miaka. Soma kitabu cha gari au namba ya giaboksi ujue oili yake hasa. Maneno ya "haibadilishwi maisha yote" mimi siyafuati, kwa foleni na joto naibadilisha kati ya kilomita elfu 40 na elfu 60. CVT nyingi hazina kijiti cha kupimia, kiwango kinaangaliwa gari ikiwa sawa kabisa na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa, kwa hiyo fundi anayekadiria kwa macho mkatalie. Ile ya gia 4 ilikuwa inavumilia zaidi, ingawa ilikula zaidi mjini.

Mengine ni mepesi: oili kidogo, matairi madogo ya bei nafuu, plagi tatu badala ya nne kwenye injini ya pistoni tatu. Breki zitaisha mapema kidogo kuliko za gari ya gia za mkono (manual). Usimruhusu mtu akuwekee oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoundwa kwa oili nyepesi ya 0W-20 au 5W-30 eti gari ni ya zamani.

Kwa foleni yako ya kila siku na safari moja ya familia kwa mwezi, ningechukua cc 1000 na kukubali iwe nzito siku hiyo moja. Kama safari za watu watano zingekuwa kila wiki, ningesema cc 1300 bila kusita. Vyovyote vile, kabla hujalipa iendeshe mpaka ipate moto, simama, weka D, kisha R (rivasi), sikiliza kama inachelewa au inagonga, na panda nayo kilima taratibu. Ikitetemeka, au mizunguko ikipanda gari isivute, iache hapohapo hata kama mwenyewe anakupunguzia bei.