Usiuze Shamba Ununue Mashine ya Alizeti

Msomaji wa Iramba ameuliza kama auze ekari zake anunue mashine ya kukamua alizeti. Vijana wengi wa Singida na Dodoma wana wazo hilohilo: jembe limewachosha, wanataka kiwanda. Kiwanda anzisheni, ila shamba msiuze.

Viwanda vidogo vingi hufa kwa kukosa alizeti. Piga hesabu. Mashine ya kilo 100 kwa saa, ikizunguka saa 8, inameza kilo 800 kwa siku, yaani kama magunia 12 ya kilo 65. Siku 25 za kazi ni magunia 300. Hayo yanunuliwe msimu wa mavuno, kwa fedha taslimu. Ukisubiri miezi ipite, wenye maghala ndio watakaokupangia bei. Kwa hiyo hela ya alizeti iwe kubwa kuliko hela ya mashine. Kama huna, anza kwa kuwakamulia wakulima kwa malipo, na alizeti ya shamba lako iwe akiba.

Kabla hujajenga, waulize TANESCO kama umeme wa njia tatu umefika hapo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, watakushauri kuhusu mashine, na barua yao inamsaidia mjasiriamali mdogo kupata nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Bila nembo hiyo utaishia kuuza kwenye madumu barabarani.

Alizeti ikaushwe vizuri. Mbichi inaziba mashine na mafuta yanatoka na povu. Iliyokauka kupita kiasi inatoa mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua) ya unga. Pepeta mawe yote, maana jiwe moja linakwangua shafti. Gunia likitoa lita 15 hadi 18, uko sawa. Likitoa pungufu, vunja kipande cha mashudu: kikikupaka mafuta vidoleni, kaza mashine. Mafuta yaache yatulie siku mbili tatu ndipo uchuje, na yasikae juani.

Bei ya mafuta hufuata mawese yanayoingia kutoka nje. 2023 wakulima walionja kushuka kwa bei ya alizeti. Mwaka kama huo mashudu ndiyo yanayokuokoa, kwa kuwa kila gunia linaacha zaidi ya kilo 40 na wafugaji wa kuku na ng'ombe wanayahitaji. Yakitoka mashineni yana moto. Yatandaze yapoe kabisa kabla ya kufunga mifuko, la sivyo yatatoa jasho, yataota ukungu na mfugaji atayarudisha.