Usiagize nyundo mpya za piano kabla hujavuta mtambo nje

Mkuu, umesema piano ya mkia ya kanisani kwenu hapo Kigoma inalia kama debe, na fundi mmoja kakwambia dawa ni kubadilisha nyundo zote 88. Mimi nipo Tabora, ni seremala niliyeingia kwenye piano kwa sababu ya kwaya, na piano kuukuu ya aina hiyo nimeishika kuanzia nyundo za zamani hadi mpya. Huenda fundi wako yuko sahihi, ila hajakuonyesha ushahidi, na ushahidi unaweza kuupata mwenyewe bila kutoa hata senti.

Anza na pedali ya kushoto. Kwenye piano ya mkia, pedali hiyo inausogeza mtambo mzima (vibao vya kupiga kwa vidole pamoja na nyundo zake) kidogo upande wa kulia, kwa hiyo nyundo inagusa nyaya kwa sehemu nyingine ya felti, ile sufu iliyobanwa inayovikwa kichwa cha nyundo. Piga noti moja ya katikati bila pedali, halafu ikanyage upige tena. Sauti itapungua, hiyo isikusumbue, sikiliza ukali. Kama ule mlio wa chuma unatoweka na noti inakuwa tamu, basi felti bado ina uhai, kilichokufa ni pale tu ambapo nyaya zimechimba mifereji kwa miaka mingi.

Kisha vuta mtambo nje. Unafungua ubao wa mbele ya vibao na vigogo vya pembeni, na wote unavutika kuja kwako. Angalizo kubwa: wakati unavuta, mkono usiguse kibao hata kimoja. Kibao kikibonyea, nyundo yake inainuka, inagonga mbao ya juu inayoshika vigingi vya kutyunia, na mpini unakatika papo hapo. Weka mtambo mezani, uzitazame nyundo kwa ubavu. Za besi zina felti nene, zinaweza kukudanganya. Nenda kwenye oktava ya mwisho juu. Kama mti ulio ndani ya felti unakaribia kuchungulia kwenye kilele, yaani ncha inayogonga nyaya, au felti imeanza kuachana na mti mabegani, yaani pande mbili zinazoshuka kutoka kileleni, au nondo wameitafuna (ni sufu ile, wanaipenda kama wanavyopenda makoti), hapo fundi wako ameshinda. Agiza.

Kama felti ipo, chukua msasa wa namba 100 au 120, uugundishe kwenye kipande chembamba cha ubao, na usugue kutoka begani kupanda kuelekea kilele, upande huu kisha ule. Usisugue kilele chenyewe kwa kukikatiza, utakifanya bapa, na nyundo bapa ndiyo mama wa kelele. Unataka umbo la ncha ya yai. Felti inatoka kwa tabaka, kijivu kwanza, halafu nyeupe safi, na mifereji inapungua kina mbele ya macho yako. Kwenye nyundo za juu kabisa ni kupitisha mara chache tu, basi.

Sindano zisubiri. Watu wengi wanakimbilia kudunga wakati tatizo si ugumu wa felti. Kaza kwanza skrubu zote za mtambo. Huku Tabora kiangazi kinakausha mbao mpaka zinalegea zenyewe, na skrubu iliyolegea inatoa mlio unaofanana kabisa na wa nyundo mbovu. Rekebisha mwendo wa nyundo, tyuni piano, halafu pima kama nyundo inagusa nyaya zote 3 za noti yake kwa pamoja: inua nyundo taratibu iegemee nyaya, ishikilie hapo, kisha dokoa waya mmoja mmoja kwa ukucha. Waya unaolia wazi haujaguswa. Noti ya namna hiyo utaidunga mpaka kesho, haitatulia.

Baada ya hapo ndiyo sindano. Tatu, fupi na nene, kwenye kishikio; cha kwangu nilikichonga kwa mninga. Nyembamba zinakatikia ndani. Unadunga mabegani, ukielekeza ncha kwenye mti wa katikati, kilele unakiacha. Kwenye felti iliyobanwa sana mdungo wa kwanza unagoma kabisa, wa pili unaingia kidogo, kisha unaisikia mkononi felti ikikubali. Dunga kidogo, rudisha mtambo, sikiliza, linganisha na noti jirani. Kulainisha ni rahisi kuliko kurudisha ugumu.

Kuhusu kupaka laka iliyochanganywa na thina ili kugumisha: inategemea nyundo imezaliwaje. Hata Steinway, watengenezaji wa piano, kiwanda chao cha New York kimezoea nyundo laini zinazogumishwa kwa laka, cha Hamburg kinatumia zilizobanwa ngumu na kulainishwa kwa sindano. Anayekwambia njia ni moja tu, mpishe.

Sasa ukilazimika kubadilisha. Usitupe za zamani. Chomoa za mwanzo na mwisho za kila sehemu, besi na kwingineko, uzitume kwa mtengenezaji kama sampuli, maana tundu la mpini lina umbali na mwelekeo wake, na za besi zimelala upande. Na uzito! Hapa ndipo wengi wanapigwa na butwaa. Gramu 1 ikiongezeka kwenye nyundo, kidole kinaibeba kama gramu 5 hivi. Kibao cha katikati kwa kawaida kinashushwa na gramu 50 au pungufu kidogo. Ongeza nyundo nzito na mpiga kinanda wenu atamaliza misa mikono inauma. Zipime kwa mizani ya sonara, ukikumbuka za zamani zimeshapungua kwa kulika.

Gundisha zile za pembeni za kila sehemu kwanza, vuta uzi kati yake, zingine zifuate mstari. Isipokuwa oktava ya juu: kabla gundi haijawekwa, sogeza mtambo mbele na nyuma kidogo kidogo huku ukipiga noti ya mwisho. Kuna mahali inalia wazi, ukipita milimita moja inakufa. Hapo ndipo pake, hata kama uzi unasema vingine.

Kwenu ziwani unyevu ni mwingi kuliko huku, kwa hiyo tazamia bawaba za nyundo kuwa nzito kurudi chini. Hilo nalo halitibiwi kwa nyundo mpya.

Tuma picha za ubavu za oktava ya juu, rula ikiwa pembeni, na useme pedali ya kushoto imejibu nini.