Maswali yenu kuhusu kusomesha watoto nyumbani, huku Texas

Tangu niliposema kwamba watoto wetu watatu hawaendi shule na kwamba tunawasomesha wenyewe nyumbani, maswali yamekuwa mengi kuliko nilivyotarajia. Kwa wasionifahamu: mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, mume wangu ni wa Iringa, na huu ni mwaka wetu wa 11 Arlington, mji ulio kati ya Dallas na Fort Worth. Watoto wana miaka 14, 10 na 6.

Je, sheria inaruhusu, au mnajificha? (Dodoma)

Hatujifichi. Texas inaihesabu elimu ya nyumbani kuwa aina ya shule binafsi. Haki hiyo ilipiganiwa mahakamani, tena kesi yenyewe inabeba jina la mji wetu: familia ya Leeper na wenzao walifungua shauri dhidi ya wilaya ya shule ya Arlington na nyinginezo mwaka 1985, na Mahakama ya Juu ya Texas ikawapa ushindi mwaka 1994. Masharti ni machache. Ufundishe kwa dhati, uwe na vitabu au vifaa vinavyoonekana, na masomo yajumuishe kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Hakuna mkaguzi anayegonga mlango, wala mtihani wa lazima.

Uhuru huo unanitia hofu kidogo, maana mzazi asiyejali anaweza kumharibia mtoto miaka mitatu bila mtu kujua. Ndiyo sababu kila Mei tunawapeleka watoto wetu kufanya mtihani wa kupimwa na watu wengine. Mwaka wa pili mtihani huo ulionyesha kuwa binti yetu yuko nyuma sana kwenye sehemu, zile za nusu na robo. Nilikuwa namsifia kwa kuwa alikuwa anamaliza kurasa haraka. Tulirudi nyuma miezi minne, na haikuwa rahisi kumwambia kwamba kosa lilikuwa langu.

Jambo moja la haraka kwa mlioko Texas: kama mtoto ameshaandikishwa shule ya serikali, peleka kwanza barua ya kumwondoa, yenye tarehe. Ukimbakiza nyumbani kimyakimya anahesabiwa mtoro, na utoro wa siku 10 ndani ya miezi 6 unaweza kuwafikisha mahakamani.

Sisi tuko Hamburg. Tunaweza kuanza? (Ujerumani)

Hapana, dada yangu, na tafadhali usimsikilize anayekuambia ujaribu tu. Ujerumani mtoto lazima ahudhurie shule yenyewe, na imani ya wazazi haikubaliki kama sababu ya kutompeleka. Familia za Kikristo zimetozwa faini, na nyingine zimepoteza malezi ya watoto kwa muda. Moja ya kesi hizo ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2019 mahakama ikasema Ujerumani haikuvunja haki zao. Nanyi ni wageni wenye vibali vya kuishi, msiviweke rehani. Jioni ni zenu, Jumamosi ni zenu, na likizo ya kiangazi pia. Mengi ninayoyaeleza hapa chini yanafanyika katika saa hizo.

Siku yenu inakwendaje? Na Kiswahili mnakiweka wapi? (Nairobi, na wengine wengi)

Baba yao ni muuguzi wa zamu ya usiku. Anarudi saa moja na nusu asubuhi, na hapo ndipo tunapofanya ibada ya nyumbani, yeye akifunga siku yake, sisi tukiifungua yetu. Wimbo mmoja, somo, sala. Akishakunywa chai analala, na nyumba inapaswa kutulia mpaka saa nane. Mwenye watoto watatu anajua maana ya sentensi hiyo. Kwa hiyo hisabati tunafanyia gereji, na Jumanne na Alhamisi tunahamia maktaba ya mji, ambako kadi ni bure na watoto wanarudi na vitabu hadi mkoba unashindwa kufungika. Sayansi ni baada ya chakula cha mchana. Saa tisa tumemaliza. Watoto watatu hawahitaji saa nane za darasa.

Kiswahili kina saa yake, na mwalimu wake ni bibi yao aliyeko Tukuyu. Haikuanza vizuri. Miaka mitano ya kwanza binti yetu alisoma shule ya jirani tangu chekechea, na tulikuwa tunampigia bibi Jumapili tu, dakika kumi. Kijana wetu alikuwa anafahamu karibu kila neno lakini akijibu kwa Kiingereza. Siku moja bibi alimsalimu, mtoto akasema "hi", kisha simu ikanyamaza. Mama hakukasirika. Aliniuliza tu, kwa upole, kama mjukuu wake ana shida ya kusema. Simu ile ilichangia kuwatoa shuleni kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasikia.

Sasa tunapiga kila siku saa tatu asubuhi, kule ikiwa saa kumi na mbili jioni. Machi Wamarekani wakisogeza saa zao mbele tunahamia saa nne, kwa sababu bibi hasogezi saa yake kwa ajili ya mtu. Mama ana mtoto wa jicho na hawezi tena kusoma Biblia yake, basi kijana wa miaka 10 ndiye anayemsomea. Hapo ndipo lugha ilipopata kazi ya kufanya. Walipofika Zaburi ya 23, mtoto aliuliza kama Bwana ndiye mchungaji wa kanisa letu la hapa, maana mchungaji anayemjua yeye anavaa suti na anaendesha gari. Bibi akamwelezea ng'ombe, fimbo, na kulala malishoni. Walipofika kwenye majani mabichi, akauliza nani atayapika. Mbichi kwake ilikuwa ni ndizi za sokoni tu. Walikaa kwenye zaburi hiyo moja wiki nzima. Ngeli bado zinamsumbua, husema "viatu langu" bila wasiwasi, na bibi humrudia neno kwa sahihi bila kumkatiza. Nimejifunza kwake namna ya kusahihisha.

Msisubiri mpate kitabu cha Kiswahili cha watoto. Tafuteni mzee anayehitaji kusomewa.

Mimi na mume wangu sote tunahudumia wazee, zamu mbili. Tufanyeje? (Houston)

Msianze sasa. Nasema kwa upendo. Lazima awepo mtu mzima aliye macho na mwenye nguvu mchana, na mtoto akikalishwa mbele ya skrini wakati mama amelala usingizi wa zamu, hiyo si shule. Nimeona familia ikifanya hivyo na mtoto akafika miaka 9 hasomi. Kwa sisi iliwezekana kwa sababu niliacha kazi, na tukaacha pia ndoto ya nyumba yetu wenyewe, bado tumepanga. Wapo akina mama waliokuja na waume wanafunzi kwa viza ya F-2, ambayo haiwaruhusu kufanya kazi. Wao muda wanao, na wengine wanausononekea. Kama ni wewe, fikiria jambo hili kwa uzito.

Mnawafundisha sayansi yote, hata mageuzi ya viumbe? (Mwanza)

Ndiyo. Binti yetu anasoma biolojia kamili, pamoja na sura hiyo, na baba yake ndiye anayemsimamia kwa sababu anaijua kuliko mimi. Tunamwambia tunaloamini kuhusu Muumba, na tunamtaka aweze kueleza kwa haki wanachosema wanasayansi. Vipo vitabu vya Kikristo vinavyouzwa huku ambavyo vinaruka sura hiyo au vinaikejeli. Tulinunua kimoja, tukakiacha. Sijawahi kuona imani ya mtoto ikiimarishwa kwa kufichwa kurasa.

Hawapungukiwi marafiki?

Ijumaa familia kumi na moja hukutana kwenye ukumbi wa kanisa. Kila mzazi anafundisha anachokiweza, mimi nafundisha kushona na jiografia ya Afrika. Kuna mpira, kuna kwaya. Binti alipofika miaka 12 aliona upweke kweli, na tulimwongezea kwaya ya pili. Tunaendelea kumwangalia.

Mkirudi Tanzania, vyeti je? (Morogoro)

Inategemea umri. Mdogo ataingia shule ya msingi tu, kwa sababu Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto, na nitamwandikisha bila kinyongo. Kwa mkubwa ipo njia ya mtahiniwa wa kujitegemea: anafanya Mtihani wa Maarifa, akifaulu anafanya wa kidato cha nne. Tukibaki huku, vyuo vya Marekani hupokea waliosomea nyumbani. Mzazi huandaa orodha ya masomo na alama, na mtoto anaweza kufanya SAT, mtihani unaotumiwa na vyuo kupokea wanafunzi. Weka kumbukumbu tangu siku ya kwanza. Mimi nina daftari moja kwa kila mtoto kwa kila mwaka, na kazi zao tatu bora za kila mwezi.

Mama mkwe wako anasemaje? (Mbeya)

Alikuja kukaa nasi miezi mitatu akiwa hajakubali. Wiki ya kwanza aliwauliza watoto kila asubuhi sare zao ziko wapi. Wiki ya tatu nilimkuta gereji na yule mdogo, wakihesabu maharage kwa makumi, na alipoona nimesimama mlangoni akaniambia nitoke, kipindi hakijaisha.