Skolastisaidi, kiuavyuo au uhujumu vyuo vikuu?

SWALI: Mwalimu, naandaa makala kuhusu watawala wanaovidhoofisha vyuo vikuu makusudi. Ruzuku inakatwa, wahadhiri wasiokaa kimya wanaachishwa kazi, idara za historia na falsafa zinafungwa, na uongozi anapewa mtu ambaye hajawahi kufundisha hata somo moja. Kwa mambo ya namna hii Kiingereza kinaunda maneno yenye mkia wa -saidi (-cide). Mhariri wangu ananitaka niandike "univasaidi". Mimi napendekeza "kiuavyuo". Nani kati yetu amepatia?

JIBU: Wote wawili mmekosa, ila wewe umeikaribia shabaha.

Mkia huo umetoka katika kitenzi cha Kilatini caedere, yaani kukata, kuangusha, kuua. Mwaka 1944 mwanasheria Raphael Lemkin aliuunganisha na genos ya Kigiriki, yaani ukoo au jamii ya watu, ndipo ikazaliwa jenosaidi. Mwaka 2009 msomi Mpalestina Karma Nabulsi akaunda skolastisaidi kueleza namna elimu ya Wapalestina ilivyokuwa ikiangamizwa kule Gaza. Anayejua Kilatini akisikia mkia huo huhisi makali ya kisu. Sikio la Mswahili linasikia nini? Kusaidia! "Univasaidi" ni jina zuri la mfuko wa kuwalipia wanafunzi karo. Mhariri wako alitaka kushtaki, akaishia kufadhili.

Tena mkia wenyewe tulikwisha kuutafsiri zamani. Mkulima ana kiuatilifu na kiuagugu, daktari ana kiuavijasumu. Hapo ndipo ulipotoa neno lako, na umbo lake ni la Kiswahili kabisa. Tatizo ni ile ki- ya mwanzo: katika maneno haya hutaja dawa au chombo kinachoua, si tendo la kuua. Kiuavyuo kitakuwa kitu cha kunyunyizia chuo. Mchora katuni akiandika neno hilo ubavuni mwa mkoba wa bajeti nitacheka na kumpongeza, lakini makala yako yanahitaji jina la tendo, na tendo linataka u-. Tukisema "uuavyuo" sarufi haitulaumu, ingawa ulimi unajikwaa kwenye irabu zile.

Ila mimi nina shaka na kuua kwenyewe. Chuo unachokieleza hakijafa. Lango liko wazi, mahafali yanafanyika, majoho yanapepea, vyeti vinatolewa. Kilichoondoka ni uwezo wa kuuliza maswali na kuyatafutia majibu. Mabomu yakiangusha kumbi za mihadhara, maktaba zikiungua na walimu wakiuawa, sema mauaji au maangamizi bila kusita. Kwa hali hiyo skolastisaidi naweza kuifasiri "maangamizi ya elimu", kama tulivyofanya kwa jenosaidi tulipouacha mkia na kuchukua maana, tukapata mauaji ya kimbari kutokana na mbari, yaani ukoo. Lakini ukiita mauaji kila idara inayofungwa, utakosa neno siku mauaji yenyewe yatakapotokea.

Neno la kazi yako lipo: hujuma. Ni shambulio, na kwa matumizi ya leo ni hasa shambulio la chinichini, la mtu wa ndani anayeharibu huku akijifanya anajenga. Tena lina kielelezo kinachojulikana. Tanzania ilikuwa na msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, na sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka 1984 inatajwa mahakamani hadi leo. Toa uchumi, weka vyuo vikuu: uhujumu vyuo vikuu. Mtendaji ni mhujumu vyuo vikuu, kitenzi ni kuhujumu. Msomaji ataelewa bila tanbihi.

Ila liandike ukiwa na ushahidi, kwa sababu hujuma hubeba nia ndani yake. Hazina ikiwa tupu na kila sekta ikakatwa, chuo kimedhoofika, hakijahujumiwa. Kudhoofisha kunaweza kutokea kwa uzembe. Hakuna anayehujumu kwa bahati mbaya.

Kuna kitenzi kingine ambacho nasikitika kuona waandishi wamekisahau: kuviza. Kitu kikizuiwa kukua, kimevia; aliyekizuia amekiviza. Yai viza nje ni yai zima, harufu utaipata ukilipasua. Sijui picha gani ingekifaa zaidi chuo chenye rangi mpya ukutani na utafiti uliokoma. Kwa hiyo taja kosa kuwa ni uhujumu, kisha athari yake uieleze kwa kuviza: "Uhujumu vyuo vikuu umeviza utafiti wa kizazi kizima."

Usilifupishe kuwa "uhujumu vyuo". Chuo peke yake ni pana mno: kuna cha ufundi, kuna cha Kurani, na katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa kitabu. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 huitwa pia Chuo cha Herekali, na hakuna aliyehitimu humo.

Jihadhari pia na kihusishi cha -a. Ukiandika "hujuma za vyuo vikuu", msomaji anaweza kudhani vyuo ndivyo vilivyohujumu, kama vile "mauaji ya polisi" yanavyotuacha tukijiuliza nani aliyekufa. "Uhujumu vyuo vikuu", bila "wa" katikati, hauna utata huo.