Kuhamisha mfumo wa uzalishaji kiwandani: wikendi moja haitoshi

SWALI: Sisi ni kiwanda cha chumvi upande wa Gongoni, kaskazini ya Malindi. Tuna laini tatu za pakiti za nusu kilo na kilo moja, na laini moja ya magunia ya kilo 50. Mfumo wetu wa kusimamia uzalishaji, yaani MES, uko kwenye Windows Server 2008 R2 na hifadhidata ya SQL Server 2008 R2. Unasoma PLC (kompyuta ndogo zinazoendesha mashine) kwa OPC ya zamani (njia ya programu kuzungumza na mashine) na mizani kwa waya wa RS-232. Muuzaji ametuletea toleo jipya linalokaa kwenye Windows Server 2022 na SQL Server 2022. Anasema atahamisha kila kitu kati ya Ijumaa jioni na Jumapili, pamoja na kumbukumbu za miaka yote. Wakubwa wamekubali. Mimi nina wasiwasi, ila sijui nimuulize nini. – Msimamizi wa matengenezo

JIBU: Ndugu msimamizi, wikendi moja inatosha kuwasha seva mpya na kurejesha hifadhidata. Haitoshi kuhamisha laini nne zenye mizani, printa za tarehe na PLC za rika mbalimbali. Makosa ya kazi hii hayajitokezi siku ya kuwasha. Hujitokeza zamu ya usiku, au mwisho wa mwezi, au siku mkaguzi anapotaka historia ya bechi fulani. Toleo jipya lipokeeni, lakini hameni laini moja moja, mkianza na ile ya magunia kwa kuwa ina hesabu chache na kosa lake huonekana upesi.

Kwamba mhame, hilo halina mjadala. Microsoft ilifunga msaada wa nyongeza (extended support) wa SQL Server 2008 R2 tarehe 9 Julai 2019, na wa Windows Server 2008 R2 tarehe 14 Januari 2020. Cha kupangwa ni wakati. Msihame wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, jua likiwa kali na uvunaji umepamba moto. Mwezi wa Mei mvua za masika huzimua mabwawa, kuvuna husimama na mtambo wa kuosha hula lundo lililopo. Hapo laini moja inaweza kukaa siku mbili tatu bila mtu kupandisha sauti.

Kabla ya yote, igeuzeni seva ya zamani iwe mashine pepe, yaani diski yake yote inakiliwe na iwashwe juu ya kompyuta mpya. Hewa ya chumvi haina huruma na viunganishi, na seva ya umri huo ikizimwa yaweza isiwake tena. Mashine pepe ijaribuni ikiwa imekatwa mtandao, kwa sababu ina jina na anwani zilezile za seva halisi, zikikutana zitagombana. Angalieni pia leseni. Programu nyingi za viwandani zimefungwa kwa ufunguo wa USB au kwa namba ya kadi ya mtandao, na hivyo havifuati diski. Hilo ndilo swali la kwanza kwa muuzaji wako, na atoe jibu kwa maandishi.

Kisha jueni nani anazungumza na mfumo. Kuuliza watu pekee hakutoshi, maana kila kiwanda kina faili la Excel la mtu fulani linalovuta takwimu moja kwa moja kwenye hifadhidata, na mwenyewe hajui kwamba linafanya hivyo. Wekeni kazi ya SQL Agent (kiendesha ratiba cha SQL Server) inayosoma sys.dm_exec_sessions kila dakika tano na kuandika pembeni host_name, program_name na login_name. Jedwali hilo huonyesha waliounganishwa kwa sasa tu, ndiyo maana ya kurekodi mara kwa mara. Iacheni ifanye kazi mwezi mzima, ipite na siku ya kufunga hesabu, kwa kuwa wengine hujitokeza siku hiyo tu.

Sasa mashine, ambako ndiko wikendi ya muuzaji itakakozama. OPC ya zamani husafiri juu ya DCOM, njia ya Windows ya programu za kompyuta mbili kuzungumza. Kuanzia masasisho ya Windows ya tarehe 14 Machi 2023, ukaguzi mkali wa DCOM hauzimiki tena. Kompyuta ya laini isiyosasishwa ikijaribu kuongea na Windows Server 2022 itakataliwa, na kwenye kumbukumbu za matukio za System utaona namba 10036. Mafundi wengi hapo hupoteza siku wakifungua ruhusa moja baada ya nyingine, na hakuna linalobadilika, kwa kuwa tatizo si ruhusa bali ni kiwango cha uthibitisho kinachoombwa na upande wa pili. Dawa ni kuweka programu ya kutafsiri kwenye kompyuta ileile yenye OPC ya zamani, ili DCOM isivuke waya, halafu kutoka hapo mtumie OPC UA, toleo jipya lisilohitaji DCOM, ambalo kwa kawaida hupita mlango wa mtandao namba 4840. OPC UA nayo ina cheti cha usalama kila upande. Kila upande ukikubali cha mwenzake, saa za kompyuta zikilingana, kazi inakwenda. Andikeni tarehe ya cheti kuisha kwenye kalenda ya matengenezo, la sivyo laini itasimama siku hiyo na hakuna atakayejua sababu.

Kwa vifaa vya Modbus (njia nyingine ya vifaa kutuma vipimo), jaribuni namba za desimali. Namba ya biti 32 hukaa kwenye rejista mbili (visanduku vya biti 16), na watengenezaji hawakubaliani ipi itangulie. Kwa heksadesimali, 1.0 ni 3F80 na 0000. Zikipinduliwa, skrini itaonyesha namba ndogo mno, sawa na sifuri. Kipimo cha maji ya chumvi yaliyokolea kufikia nyuzi 25 za Baumé kinatakiwa kusoma uzito linganishi wa takriban 1.21. Kikisoma sifuri au namba ya kipuuzi, pindueni rejista kabla ya kulaumu kitambuzi.

Mizani ya RS-232 mtaipitisha kwenye vibadilishi vya kwenda Ethernet. Nakilini kwanza kasi, biti za data na pariti kutoka kwenye menyu ya kila mzani, msikisie. Na mizani mingi hutanguliza herufi ST uzito ukitulia na US ukiwa bado unacheza. Programu mpya isipozisoma herufi hizo itachukua uzito wa gunia likiwa bado linayumba, na wastani wenu utaharibika taratibu bila kengele kulia.

Kumbukumbu za miaka yote msizihamishe. Hamisheni orodha za bidhaa, mashine, fomula, bechi zilizo wazi, na historia ya chumvi ambayo bado iko madukani. Nyingine zote zikae kwenye hifadhidata ya kusomwa tu. Bakapu ya 2008 R2 inarejeshwa kwenye 2022 bila shida, baada ya ukaguzi wa DBCC CHECKDB kupita safi upande wa zamani, lakini njia ni ya kwenda tu: bakapu ya 2022 hairudi 2008. Watumiaji watakuja wakiwa yatima, kwa sababu logini zao zilibaki kwenye master, hifadhidata kuu ya seva ya zamani. Waunganisheni kwa ALTER USER … WITH LOGIN. Na koletsheni (kanuni za kupanga na kulinganisha herufi) ya seva mpya ikitofautiana na ya hifadhidata, ripoti zinazotumia majedwali ya muda zitakufa. Chagueni ileile ya zamani wakati wa kusakinisha.

Vipimo ndivyo vitakavyowaumiza zaidi. Mfumo mmoja huandika iodeti ya potasiamu inayotiwa kwenye chumvi, mwingine huandika iodini tupu iliyomo ndani yake, na vyote viwili husomeka miligramu kwa kilo. Iodini ni asilimia 59.3 ya uzito wa iodeti, kwa hiyo 50 za iodeti ni kama 29.7 za iodini. Anayehamisha namba bila kuhamisha maana yake atafanya chumvi nzuri ionekane pungufu, au mbovu ionekane nzuri.

Saa nayo. Mifumo mingi mipya huhifadhi kwa saa ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), ya zamani kwa saa yetu, iliyo mbele kwa saa tatu. Data ya zamani ikiingizwa bila kubadilishwa, kila tukio litaonekana saa tatu baadaye, na saa tatu za mwisho za zamu ya usiku zitaangukia zamu ya asubuhi. Ongeza fomu zinazojazwa kwa mkono: mtu wa zamu akiandika «saa 7», karani anaweza kuingiza 07:00 badala ya 01:00. Zipitieni kwa macho. Msipitishe namba za bechi kwenye Excel bila kuifanya safu iwe ya maandishi, kwani 00417 itakuwa 417 na 3E12 itageuka trilioni tatu.

Mifumo miwili ikienda sambamba kwenye laini moja, ni mmoja tu uruhusiwe kuandika kwenye PLC. PLC nyingi huinua biti kusema pakiti iko tayari, na mfumo huishusha baada ya kuhesabu. Yote miwili ikiishusha, kila mmoja atahesabu baadhi tu, na mtatafuta pakiti ambazo hazikupotea. Bechi za mfumo mpya zianze na herufi tofauti.

Msilinganishe mfumo na mfumo pekee. Linganisheni na stoo. Tani 20 zikitiwa iodeti miligramu 60 kwa kilo, ghala lipungue kilo 1.2 za iodeti. Pimeni debe la iodeti mwanzo na mwisho wa zamu, katika zamu zote tatu, kabla ya kuruhusu laini inayofuata.

Wekeni pia saa ya kurudi nyuma na mtu mmoja wa kuamua. Kwa kuwa hifadhidata hairudi, mfumo mpya utoe faili la CSV kila mwisho wa zamu, lenye bechi, idadi na kilo, ili mkirudi data hiyo iingizwe kwenye ule wa zamani. Fomu za karatasi ziwe zimechapwa tayari kwenye kila laini.

Laini ya nne ikishahama, chomoeni waya wa mtandao wa seva ya zamani, ila msifute diski mpaka ipite hesabu ya stoo ya kwanza na ukaguzi wa kwanza wa bechi.