Anko nifanyie mpango wa kuzamia

Wiki iliyopita mpwa wangu kaniandikia, namnukuu, "anko nimeona huko mnazamia kwenye mabomba ya mafuta, mtu anapiga mwezi mmoja anakula likizo mwezi mzima, nifanyie mpango na mimi." Sikujibu haraka, basi nikaanza kusemwa kwamba nabania, dada yangu mmoja akamalizia kabisa kwamba watu wakishapanda juu wanavuta ngazi. Sawa. Leo nipo likizo, nimelala mpaka nimechoka kulala, najibu na sifichi kitu.

Kwanza nyie mnaocheka kila nikisema mimi mzamiaji, mimi sikujificha kwenye injini ya meli, nilikuja kwa ndege na viza ya shule, huku kuzamia nimesomea baadae nilipochoka kubeba maboksi. Miaka ya mwanzo nilikuwa mzamiaji wa hewa, yaani chini navuta hewa ya kawaida tu, kazi za bandarini, nguzo za madaraja, mita 20, mita 30, mwisho 50. Saivi nipo kwenye kile tunachoita sati (saturation, kuishi ndani ya presha siku nyingi mfululizo), ntafika huko.

Watu wote wanaulizaga papa. Papa sijawahi kugombana nae. Kinachotutesa ni presha, na zaidi ya presha yenyewe ni kutoka kwenye presha. Hapa juu tunabeba presha moja ya hewa, kila mita 10 za maji inaongezeka nyingine kama hiyo, ukiwa mita 100 umebeba 11. Nyama ya mwili haisikii chochote, kasheshe ni kule kwenye hewa, masikio, mapafu, mifupa ya uso, hata jino lililozibwa vibaya likabaki na kiupenyo, nimeshaona baba mtu mzima ana ndevu analia kama mtoto kwa sababu ya jino. Ukiwa na mafua huzamii, masikio hayazibuki, ukilazimisha ngoma inapasuka. Na ukipanda usibane pumzi hata siku moja, hewa uliyoivuta mita 10 ikifika juu inakuwa mara mbili, pafu linachanika, hewa inaingia kwenye damu inaenda kichwani. Hiyo hata kwenye bwawa la kuogelea mtu anaweza kuipata.

Halafu kuna naitrojeni. Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni hiyo na mwili hauna kazi nayo, lakini ukiwa chini inayeyuka inaingia kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye maungio, kimya kimya. Ukipanda taratibu inatoka kwa mapafu kama ilivyoingia, ukipanda haraka inatoka povu. Mfano wa soda kila mwalimu anautoa na mimi nautoa, ila hapa chupa yenyewe ni uti wako wa mgongo. Zamani watu walikuwa wanapooza tu. Wale waliojenga daraja la Brooklyn kule New York walikuwa wanachimba chini ya mto ndani ya makasha yaliyojazwa hewa ya presha, wakitoka maungio yanawaka moto, na injinia mkuu mwenyewe, Washington Roebling, yakamkuta mwaka 1872, akaishia kusimamia kazi kutokea dirishani kwake huku mkewe Emily ndo anapeleka maagizo. Ratiba za kupanda kwa vituo zilikuja 1908, mwanasayansi wa Uingereza anaitwa Haldane alikuwa anawaweka mbuzi kwenye tangi la presha, anawapandisha, mbuzi akitoka anachechemea anajua kaharakisha. Wale mbuzi nawadai shukrani mpaka leo.

Maana na mimi yamenikuta. Tulipiga kazi mita 30 na kitu, nikapanda kwa ratiba sawasawa, hakuna aliyekosea (hili watu hawalijui, unaweza kufuata kila kitu na bado ukaumia). Baada ya saa mbili hivi bega la kushoto likaanza kuuma, yale maumivu ya ndani kabisa ambayo hata ukibonyeza huyapati. Nikajiambia nimevuta spana vibaya. Unajua kwanini nilijidanganya? Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu, kibali cha kuishi kimeshikana na mkataba, nikiripoti nasimamishwa kuzamia, na hela ya ada nilishaiahidi nyumbani, mpwa wangu ada yenyewe ilikuwa yako. Nikameza vidonge vya maumivu nikalala. Naamka asubuhi vidole viwili vina ganzi. Hapo ndo uoga ukanishika, nikampigia msimamizi, akanitukana vizuri sana halafu akaniwahisha kwenye chemba (chemba ya presha jamani, sio ile ya maji taka). Wakanirudisha kwenye presha ya mita 18 navuta oksijeni tupu kwa maski, unavuta dakika 20 unapumzika, unavuta tena, karibu saa tano. Ganzi ikaisha nikiwa humohumo, bega likabaki linaguna siku kadhaa. Nilikuwa na bahati kuliko akili, sindano ya kwanza ya matibabu haya ni kusema mapema na mimi nilinyamaza usiku mzima.

Sasa sati. Kina kirefu hewa ya kawaida haifai, kuanzia mita 30 hivi naitrojeni inakulevya, unacheka peke yako, unafunga nati uliyoambiwa ufungue, na ukienda chini zaidi oksijeni yenyewe inageuka sumu, unaanguka na kutetemeka kama mtu wa kifafa ukiwa ndani ya maji. Kwa hiyo tunapewa heliamu iliyochanganywa na oksijeni kidogo sana, mita 100 ile gesi ya chemba oksijeni yake haifiki asilimia 4. Hiyo gesi ukiivuta hapa juu unazimia, kule chini inakutosha kwa sababu ya presha. Halafu waligundua kwamba mwili ukikaa chini kama siku nzima hivi unajaa gesi mpaka basi, hauongezi tena, kwa hiyo ukae siku moja au ukae mwezi, muda wa kukutoa ni uleule. Basi badala ya kutupandisha kila siku wanatuweka kwenye chemba ya chuma juu ya meli, ndani presha ni sawa na ya chini baharini, tunaishi humo mpaka siku 28, kwenda kazini tunashushwa na kengele, yaani kichumba cha chuma kinachotupeleka chini majini, watu watatu, wawili wanatoka nje kufanya kazi mmoja anabaki kushika mipira yao, ile mipira ya gesi na maji moto na waya tunaiita kitovu na kweli ni kitovu. Mwisho wa zamu tunatolewa mara moja tu. Hesabu ya haraka ni siku moja kwa kila mita 30 na unaongeza siku moja, ukiwa mita 120 ni siku kama tano. Hiyo namba tano ishikeni.

Humo ndani ni kama basi dogo lisilokuwa na dirisha, joto linawekwa karibu digrii 30 na bado ukivua fulana unasikia baridi, heliamu inapitisha joto kama mara sita ya hewa. Nje majini tunavaa suti inayopitisha maji moto kutoka melini, yakikatika una dakika chache tu kabla mikono haijakataa kushika kitu. Chakula kinakosa ladha. Na masikio, jamani masikio! Joto na unyevu ule bakteria wanaupenda, kuna mmoja anaitwa pseudomonas, akiingia sikioni mtu halali siku tatu, kwa hiyo asubuhi na jioni na kila ukitoka kuoga unalala ubavu dakika tano kila sikio na matone yenye asidi kama siki, kila mtu na chupa yake, ukigusa chupa ya mwenzako ni ugomvi. Mnaniona na suti na helmeti kwenye picha, nusu ya kazi ni kulalia ubavu na dawa ya masikio.

Daktari je? Daktari yupo nchi kavu kwenye simu. Mimi nimesomea udaktari mdogo wa humo ndani, kuweka dripu, kushona, kuingiza mpira wa mkojo, nafanya huku naelekezwa na mtu aliyeko nje. Mtu akipata kidole tumbo huwezi kumfungulia mlango akakimbizwa hospitali, ukifungua umemuua yeye na wote. Hilo lilishatokea, Novemba 1983 kwenye mtambo wa mafuta wa Byford Dolphin, upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini, klampu inayounganisha kengele na chemba ilifunguliwa kabla mlango wa ndani haujafungwa, presha 9 ikawa 1 kwa kufumba na kufumbua, wazamiaji wanne wakafa na aliyekuwa nje kwenye klampu akafa pia. Baada ya hapo klampu zikawekewa vizuizi zisifunguke kukiwa na presha. Nikiwa nimelala nasikia chuma kinagongwa nje huwa nafungua macho.

Turudi kwenye ile tano. Mliniuliza mwaka ule mama alipofariki kwanini sikuja kuzika na kwanini hata simu sikupiga, unaandika tu meseji wakati wenzako tunalia. Sikuwahi kuwajibu vizuri. Nilikuwa mita 120. Taarifa alinipa msimamizi kwenye spika, alimtoa kwanza mtu mwingine kwenye laini ili nisikie peke yangu ingawa ndani tulikuwa sita na hakuna pa kujificha. Wakaanza kunipandisha siku ileile, hilo nawashukuru, lakini siku tano ni siku tano, hakuna bosi wala hela wala dua ya kuzifanya ziwe mbili. Nilikuwa naona kiwanja cha ndege kwenye akili yangu, kilikuwa mbali kuliko nilivyokuwa siku ya kwanza nimefika nchi hii. Mlizika siku ya pili.

Na simu sikupiga kwa sababu ya sauti. Heliamu inaifanya sauti ya mtu iwe kama ya katuni, kama bata fulani hivi, kuna mashine ya kuirekebisha kwa ajili ya kazi lakini ikitoka haitoki mtu, na huwezi kulia kwa ile sauti, nilijaribu usiku nimejifunika shuka, wenzangu wamegeukia ukutani kwa heshima. Ningepiga msibani nikaongea vile, baba angesikia nini? Nikaona bora mniite mwenye roho ngumu.

Mengine nayasema haraka. Mifupa inaweza kufa vipande vipande, hasa kichwa cha nyonga na cha bega, inaweza kukaa miaka haiumi, siku inaanza kuuma ushastaafu, mimi napigwa picha za maungio na mpaka sasa niko salama. Ukienda chini zaidi, mita 150 na kuendelea, mikono inaanza kutetemeka yenyewe presha ikiongezwa haraka, hiyo ni mishipa ya fahamu. Kampuni ya uzamiaji ya COMEX ya Ufaransa mwaka 1992 ilimfikisha mtu presha ya mita 701 ndani ya chemba kwa majaribio, na alitoka mzima, lakini wiki za kumtoa hapo sitaki hata kuzifikiria. Na hawa waliotutangulia Norway, wengi waliharibika kichwa na mapafu na mishipa, wakashtaki serikali mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Desemba 2013 mahakama ikasema Norway ilikosea, wazamiaji hawakupewa taarifa muhimu za hatari, ratiba za kupandisha zilikuwa zinafanywa siri za biashara za makampuni. Yaani mtu anazamia kwa ratiba ambayo hajui kama ni salama kwa sababu ratiba ni mali ya bosi! Leo afadhali, leo naisoma kabla sijaingia, na wewe ukija usione aibu kuomba uisome, hata kama kiingereza chako bado kinachechemea.

Kwa hiyo mpwa wangu sijakukataza. Hela ipo, na huo mwezi wa likizo upo, japo wiki ya kwanza ya likizo nakuwaga nimechoka hata ngazi napanda kwa kupumzika. Ila usianze kwa kutafuta chuo, anza kwa daktari. Apime mapafu kwa kupuliza, apime masikio yote mawili, moyo ukiwa umetulia na ukiwa unakimbia, na ukiweza wakuangalie kama una kile kitundu kati ya vyumba vya moyo, karibu mtu mmoja kati ya wanne anacho na hajui, mapovu yanaweza kupita hapo yakakwepa mapafu yakaenda kichwani. Kifafa hawakuchukui. Pumu ni kesi ngumu, wengi wanarudishwa. Na huku vipimo ni kila mwaka, mwaka ukifeli umeenda nyumbani, kwa hiyo uwe na fani nyingine mkononi, uchomeleaji au umeme, maana huko chini hulipwi kwa kuzama, unalipwa kwa kazi unayoifanya ukishafika.

Na kitu kimoja nataka unijibu kwa ukweli kabla sijamuuliza mtu yeyote huku. Ulipokuwa darasa la tatu nakumbuka mama yako alikuwa anakuamsha usiku anakuwekea ile mashine ya kuvuta mvuke. Iliisha lini?